Sura ya Sita: Gudulia la Mgeni

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Vid Kolarek, na heri tulikiri hilo mapema, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulificha. Ulimwengu ulikuwa umeshamfunza kwa kila aina ya fimbo: baba mshona viatu wa Varaždin aliyechapa kwa ukanda wa ngozi mbichi, miaka minne ya vita, kisha kambi ya wafungwa kule Siberia, alikojifunza kunywa supu ya maganda huku akiisifu. Lakini walimu wote hao hawakumfundisha kunywa kwa gudulia lenye midomo mitatu. Kwa hiyo alipofika kwenye kasri la kina Dragovanić asubuhi ya Jumanne, siku mbili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, mwaka 1928, kosa lake la kwanza lilionekana na kila mtu, tena lilikuwa jekundu.

Ukungu ulikuwa umeimeza mizabibu yote ya bondeni. Kasri lilielea juu ya kilima bila miguu. Chini yake, kwenye mapipa, mvinyo mpya ulikuwa ukinong'ona peke yake, na harufu yake ilipanda ngazi, ikapita chini ya milango, ikakaa vyumbani kama jamaa aliyekuja kushinda. Mtu aliweza kulewa kwa kupumua tu.

Sebuleni walimngoja watu wanne. Wa kwanza ni Kontesa Otilija Dragovanić, miaka themanini, wa mwisho wa ukoo wake, mwembamba kama mshumaa uliokwisha kuwaka zaidi ya nusu. Serikali mpya ilikuwa imefuta vyeo vya kikabaila miaka mingi nyuma, lakini nyumbani mle bado aliitwa Bibi Mkubwa. Wa pili ni mgeni wake, Daktari Emil Rukavec, bingwa wa historia ya koo kutoka Zagreb, ndevu zimechongwa vizuri, miwani ya duara. Wa tatu ni Sajini Gašpar, askari wa kijiji, masharubu yake yakiwa yametiwa nta kwa heshima ya siku. Na wa nne alikuwa na pingu mikononi: Jalža, mpishi na mtunza nyumba kwa miaka arobaini.

"Kesi imekwisha, mkuu," alisema Sajini Gašpar. "Picha imeibwa, fremu yake nimeikuta chini ya godoro la huyu mama. Wewe weka sahihi tu. Nimeshamkatia tiketi ya treni ya saa kumi, ya kumpeleka gerezani. Ya kwenda tu."

"Umefanya la maana," alisema Jalža. "Ukiwa mtoto ulikuwa unaniibia plamu. Leo angalau umenunua kitu."

"Mfungue," alisema Kontesa.

"Bibi Mkubwa, huyu ni mfungwa."

"Ni mfungwa anayejua kujaza gudulia. Mgeni ameingia kwa mara ya kwanza. Mfungue, kisha utamfunga."

Sajini akafungua. Jalža akaingia jikoni huku akisugua viganja, akarudi na chombo cha udongo ambacho Kolarek hakuwahi kuona mfano wake: magudulia matatu madogo yameunganishwa matumbo kama mapacha, na vishikio vyake vimesukwa pamoja.

"Niko kazini, Bibi Mkubwa," alisema Kolarek.

"Hata yule Mturuki alikuwa kazini," alijibu Kontesa. "Alikuja kuichoma nyumba hii. Babu yetu Kapteni Juraj alimkamata, akampa gudulia hili kwanza, maana hakuwa amewahi kufika. Kesho yake mkubwa wa jeshi alipomtaka Mturuki wake, Juraj alimwambia: aliyekunywa gudulia letu ni ndugu wa gudulia, na ndugu hatolewi mlangoni kwa pingu. Alipoteza sikio kwa ubishi huo. Kunywa, kijana."

Kolarek akainua. Akanywa kwa mdomo uliomwelekea. Mara ile ile midomo miwili mingine ikamtemea kifuani, kwa pamoja, kama wake wenza waliokubaliana. Shati lake jeupe, alilolipiga pasi mwenyewe usiku uliotangulia, likawa ramani ya nchi isiyojulikana.

Daktari Rukavec alikuwa wa kwanza kumpa leso. "Pole, Bwana Inspekta. Wazee hawa walipenda mizaha."

"Usione haya, mwanangu," alisema Jalža. "Balozi wa Kaizari alitoka hapa amelowa mpaka soksi."

Kisha kikaletwa kitabu cha wageni, kinene kama mto wa kulalia. Kolarek akaandika jina lake kwenye ukurasa mpya, chini ya jina moja tu lililokuwapo. Tone likadondoka kutoka kwenye mkono wa koti lake, likakaa pembeni ya sahihi. Akaomba radhi. Kontesa akatabasamu, akafunga kitabu.

Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Linalostahili kusemwa ni kwamba ndilo pekee alilolifanya kwa faida.

*

Ukumbi wa picha ulikuwa ghorofa ya juu, mrefu, mwembamba, na madirisha yake yalitazama ukungu mtupu. Ungedhani jengo zima limepakiwa kwenye pamba. Kontesa alifungua mlango kwa ufunguo alioutoa shingoni, akatembea mbele polepole, akiwataja waliokuwa ukutani kama mtu anayewapitia jamaa kitandani asubuhi.

"Juraj, mwenye sikio moja. Askofu Nikola, aliyekula kwaresima nzima bata mzinga akisema ni ndege wa majini. Huyu Jenerali Ferdo, hakushinda vita hata vya kuku. Janko, aliyetunga mashairi kwa lugha ya mpishi wake wakati wenzake wote walikuwa wanabwata Kijerumani. Baba yake alimnyima farasi. Na Ladislav, mtoto wa kaka yangu. Alikwenda vitani Galicia mwaka wa kumi na nne, likarudi koti lake tu."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Katikati ya Janko na Ladislav palikuwa na msumari mtupu, na doa la ukuta lililo jeusi kidogo kuliko sehemu nyingine, ukubwa wa kitabu cha sala.

"Na hapo?"

"Hapo ni Katarina. Amechorwa juu ya bamba la shaba. Mwaka ule Kaizari alipowakata vichwa wakuu wetu wawili, askari wake walikuja huku pia, kuchukua mihuri ya ukoo. Katarina aliikandia ndani ya unga wa mkate, akawapikia askari chakula huku mihuri inaumuka mezani. Bila yeye tungekuwa watu wa kusimuliwa tu. Ni yeye ninayemwamkia kila asubuhi, kijana. Yeye kwanza, halafu Jalža."

Kolarek akapiga magoti, akakagua sakafu, msumari, mbao za dirisha. Dirisha lilikuwa limegandishwa na rangi tangu enzi. Kufuli halikuguswa.

"Jumapili mlikuwa wapi?"

Sajini Gašpar akajibu kwa niaba ya wote, akihesabu kwa vidole. Misa ya Mtakatifu Martin ilifanyika katika kanisa dogo la kasri, chini ya ukumbi huu. Kijiji kizima kilikuwapo. Kwa desturi hakuna anayetoka kabla ya Kontesa, na hakuna aliyetoka. Kontesa alikaa mbele. Daktari alipanda roshani ya kinanda. Mpiga kinanda ni mwalimu mstaafu, kiziwi, naye huwapa watu mgongo. Jalža alibaki jikoni peke yake na bata mzinga. Misa ilipokwisha, Kontesa akafungua ukumbi ili amwoneshe Daktari picha kwa mwanga wa mchana, na Katarina hakuwapo.

"Sasa aliingiaje mtu, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Bibi Mkubwa kanisani?" aliuliza Kolarek.

Kontesa akaishika fremu ya Askofu Nikola pembeni, akavuta. Askofu mzima akafunguka kama kabati. Nyuma yake palikuwa na giza, ngazi tatu, na upande wa pili mwanga hafifu wa roshani ya kinanda.

"Alipenda kusikiliza misa akiwa amevua viatu," alisema. "Mlango huu tunaujua watu wawili tulio hai. Hata padri haujui."

"Bibi Mkubwa na nani?"

Sajini akatikisa funguo za pingu kidogo, zikajibu badala ya Kontesa.

Kolarek alimhoji Daktari kwanza, palepale, wamesimama chini ya Jenerali Ferdo.

"Umewahi kufika nyumba hii kabla ya Jumamosi?"

"Sijapata bahati hiyo. Jina langu liko kitabuni, tarehe pia."

"Pale roshani uliona nini?"

"Nilifumba macho nisikilize kinanda." Daktari akasita kwa adabu. "Nilidhani nimesikia aproni ikipita. Lakini siwezi kuapa, na mama wa watu simjui."

"Mizigo yako?"

"Sajini aliipekua Jumapili hiyo hiyo. Hata soksi."

"Hata soksi," alithibitisha Sajini, na uso wake ulionyesha kwamba hakufurahia.

Kisha Kolarek akashuka jikoni. Jalža alikuwa ameketi karibu na jiko, amefungwa tena, pingu mapajani, akiitazama sufuria kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani akiharibu kitu.

"Unaujua mlango wa Askofu?"

"Naufuta vumbi kila Ijumaa."

"Ngazi za jikoni zinafika roshani?"

"Zinapita mlango wa chumba changu, zinafika."

"Fremu ilikuwa chini ya godoro lako."

"Ilikuwa."

"Nani aliiweka?"

"Mtu asiyepika." Alielekeza kidevu kwenye jiko, moto ukinguruma tumboni mwake. "Ningekuwa mimi, ni mti mkavu wa miaka mia mbili na ushee, na mimi nimekaa mbele ya moto tangu alfajiri. Ningeilaza godoroni ili iniumize mgongo?"

Kolarek akaandika maneno hayo. Yalikuwa maneno mazuri. Ila hakimu hapokei maneno mazuri, hupokea fremu.

*

Kosa la pili alilifanya kwa moyo mweupe. Daktari Rukavec alikuwa anasafiri kwa treni ile ile ya saa kumi, na sanduku lake la mbao lilikuwa bado limekaa chini ya ngazi. Ndani yake alikuwamo Jenerali Ferdo mwingine, aliyechorwa akiwa kijana, mbaya kuliko yule wa ukutani. Kontesa alikuwa amemzawadia Daktari tangu Jumamosi, kwa kuwa hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumtaka. Jumatatu walimshusha ukutani mle ukumbini, wakampakia, na Kontesa mwenyewe akapiga lakiri nyekundu ya ukoo juu ya kifuniko.

"Tusaidiane," alisema Kolarek, akashika upande mmoja. Wakalibeba mpaka kwenye gari la farasi. Akalisukuma vizuri kwa ndani, akaliwekea na majani makavu lisigonge.

"Wewe ni muungwana," alisema Daktari.

"Nimebeba majenerali wengi," alisema Kolarek. "Huyu ni mwepesi. Hapigi kelele."

Kosa la tatu lilikuwa kalamu. Sajini alimtandikia hati mezani, akamfungulia kidau cha wino. Kolarek akachovya. Ncha ya kalamu ikasimama juu ya karatasi, na pengine ingetua, kama Kontesa asingetokea mlangoni.

"Ukimchukua," alisema, "usimpeleke na shali yake ya kijivu. Ina tundu. Mpe ya kwangu."

Hakulia wala hakuomba. Aligeuka akaondoka, na mkono wake ulikuwa ukipapasa ukuta, ukitafuta njia katika nyumba aliyozaliwa. Nyumba yenye vyumba ishirini na sita, na kuanzia leo usiku ingekuwa na mtu mmoja.

Kolarek akaifuta kalamu. "Tule kwanza. Sifungi mtu nikiwa na njaa, mkono hutetemeka."

Wakala štrukli, maandazi yaliyojazwa jibini, yaliyopikwa na mfungwa, na Sajini alirudia mara mbili bila kuona tatizo lolote. Baadaye Kolarek akaomba ufunguo wa ukumbi. Alitaka kukaa na msumari mtupu peke yake. Akaketi kwenye kiti cha ngozi karibu na jiko la vigae, akaunyosha mguu wake uliobaki mbovu tangu vita. Ukungu ulikuwa umeegemea vioo. Mvinyo ulinong'ona chini. Na kwa kuwa nimeshasema siku ile mjinga alikuwa nani, haitakushangaza nikikuambia kwamba mpelelezi alisinzia.

Askofu alifunguka bila kutoa sauti. Wakaanza kuingia.

Kapteni Juraj alitangulia, ameinamisha upande wenye sikio, akifuatwa na wanaume wenye mikufu na wanawake wenye kola pana kama sahani. Walipita mbele ya kiti bila kuharakisha, miguu yao haikugusa mbao, na kila mmoja alimtazama Kolarek kifuani, kisha akatazama pengine, kwa upole, kama watu wanaompita mtoto aliyejikojolea. Janko alikuwa akihesabu mizani kwa vidole. Ladislav alikuwa amebeba koti lake begani. Vifua vyao vyote vilikuwa vyeupe.

Nyuma yao wakaja wengine. Mturuki, kilemba mkononi. Balozi, mapadri, wanajeshi, bibi harusi wawili watatu, mwuza farasi. Hao vifua vyao vilikuwa vimelowa, kila mmoja na doa lake jekundu, na walilibeba kwa fahari, jinsi watu wengine wanavyobeba nishani. Kolarek akaona raha. Akainuka akajiunga nao, maana hapo ndipo palipokuwa pake.

Na akiwa katikati yao akahisi mtu nyuma yake. Huyo alitembea na wageni, lakini kifua chake kilikuwa kikavu. Uso haukuwapo, ni ukungu mtupu.

Kutoka pale penye msumari mtupu sauti ya mwanamke ikauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya unga: "Na huyu? Ni wa kwetu?"

Kolarek akaamka. Moto ulikuwa umefifia. Shati lilikuwa limemgandia kifuani, la baridi. Akaligusa, akautazama mkono wake. Halafu akashuka ngazi kwa kasi ambayo mguu wake mbovu ulimlaumu kwa wiki nzima.

*

Kitabu cha wageni kilikuwa palepale sebuleni. Akaanza mwanzo, mwaka 1719. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Majina, na kando ya kila jina madoa: mengine ya hudhurungi kama majani makavu, mengine ya zambarau, vidole, viganja, mahali pengine ukurasa mzima umekunjamana kwa kulowa. Miaka mia mbili ya watu wazima waliojimwagia. Majenerali walikuwamo na watawa pia. Mwanajimu mmoja alikuwa amechora duara kuzunguka tone lake na kuandika saa.

Akafika ukurasa wa mwisho. Kando ya jina lake mwenyewe palikuwa na tone. Juu yake palikuwa na Daktari Emil Rukavec, Jumamosi, tarehe kumi Novemba. Kando ya jina hilo karatasi ilikuwa nyeupe kama yai.

Akaingia jikoni.

"Jalža. Jumamosi Daktari alipokunywa wakati wa chakula, kitambaa chake cha mezani ulikifua?"

"Nilikikunja nikakirudisha kabatini. Hakikuwa na kitu."

"Katika miaka arobaini, umekunja vingapi bila kuvifua?"

Jalža akaweka mwiko chini. Sufuria ikatokota.

"Hicho tu," alisema. "Nilidhani ni bahati yake."

"Bahati ni ya kamari. Hili gudulia linanywewaje bila kumwagika?"

"Kuna tundu chini ya kishikio cha kati, huwezi kuliona. Uweke kidole gumba hapo, uinamishe kushoto. Sharti ufundishwe, mwanangu. Ladislav nilimfundisha mimi, alipokuwa mdogo, kwa maji."

"Nani mwingine?"

"Hakuna. Wageni hunywa mara moja tu katika maisha yao, nani angepata muda wa kujifunza?" Macho yake yakaenda mbali, yakapita ukuta. "Zvonko."

"Zvonko nani?"

"Msaidizi wa mpiga picha. Mwaka mmoja kabla ya vita Ladislav alileta mpiga picha apige picha za ukoo wote, kila fremu, na gudulia pia. Walikaa wiki tatu. Zvonko alikuwa na miaka ishirini hivi, mkondefu, mcheshi. Jioni alikuwa anakaa hapo ulipo na gudulia, anajaza maji ya zabibu, anajimwagia, anajaza tena. Nikamwonea huruma nikamwonesha tundu. Siku ya mwisho alikunywa yote matatu bila kudondosha tone, akanibusu shavuni."

"Na kupiga picha ya Askofu walimvuta kidogo mbele, kwa ajili ya mwanga?"

Jalža akageuka kuzitazama ngazi zinazopanda roshani.

"Jina lake liko kitabuni?"

"Waliokula mezani juu ndio huandikwa." Alisema bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa. "Waliokula jikoni hawaandikwi. Hata mimi simo."

Kolarek akavuta pumzi ndefu. Miaka mia mbili nyumba hii iliandika kila aliyeingia kwa mlango wa mbele, mpaka mwuza farasi, na haikuwahi kumwandika hata mtu mmoja aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Mwizi hakuhitaji kujificha. Alikuwa ameshafichwa na desturi.

*

Saa tisa, uani, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba farasi alionekana kichwa tu. Daktari Rukavec alikuwa ameshapanda. Sajini alikuwa na Jalža mkononi, shali ya Kontesa mabegani mwake.

"Shuka kidogo, Daktari," alisema Kolarek. "Tufungue sanduku."

"Lina lakiri ya Bibi Mkubwa."

"Naiona."

Kontesa alikuwa amesimama ngazini. Alisimama kama aliyeketi kwenye kiti cha enzi, kama mnajua ninavyosema. "Kijana, hiyo ni zawadi yangu kwa mgeni wangu. Amekunywa gudulia. Lakiri yetu haijavunjwa na askari tangu Katarina."

"Bibi Mkubwa, leo kuna kitu lazima kivunjike. Ni lakiri au ni Jalža. Chagua wewe, mimi nitatii."

Farasi alipumua, na pumzi yake ikaungana na ukungu. Kontesa akashuka ngazi moja, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akafika kwenye gari, akaichukua lakiri kwa kucha zake mwenyewe, akaivunja.

Kolarek akamtoa Jenerali Ferdo, akamgeuza. Akapitisha kisu kati ya turubai na ubao wa mgongoni. Kitu kikateleza kikamwangukia kiganjani, chembamba, cha baridi. Mwanamke mwenye macho ya kahawia alimtazama, mikono yake ina unga mpaka viwiko.

"Hakutoka ukumbini mpaka Jumatatu," alisema Kolarek. "Jumapili, wakati wa misa, aliyepita kwa Askofu alimtoa kwenye fremu akamwingiza mgongoni mwa Jenerali, ambaye tayari alikuwa amezawadiwa. Bamba linaenea, fremu ni nene, haienei. Ndiyo maana ilikwenda godoroni. Jumatatu Bibi Mkubwa akalifunga sanduku mwenyewe, na leo asubuhi nikalibeba mimi. Na majani nikaliwekea."

"Mpishi angeweza kuliweka humo," alisema Daktari. Sauti yake ilikuwa bado tulivu. "Mimi nyumba hii siijui."

"Kidole gumba," alisema Jalža.

Wote wakamgeukia.

"Jumamosi nilikuwa nimeshika sinia, nikaona kidole gumba kinakwenda chini ya kishikio. Niliona na sikuona. Umekuwa na ndevu nzuri, Zvonko. Lakini shukrani hujaota."

Tone la maji likaanguka kutoka kwenye ukingo wa paa. Yule mtu akavua miwani, akaifuta, na alipoivaa tena alikuwa na uso mwingine, mdogo zaidi, karibu wa kuchekesha.

"Sawa," alisema. "Mimi ni Zvonko. Wiki tatu nilikula jikoni na hakuna aliyeniuliza jina la baba yangu. Safari hii nimeingia kwa mlango wa mbele, nimekunywa, nimeandikwa. Mimi ni ndugu wa gudulia, Bibi Mkubwa. Juraj alitoa sikio lake kwa ajili ya Mturuki aliyekuja kuchoma nyumba. Mimi nimechukua kipande cha shaba. Utanitoa mlangoni kwa pingu, mbele yao wote?"

"Sheria ni sheria," alisema Sajini.

"Nyamaza, Gašpar," alisema Kontesa.

Kolarek alimwona anatetereka. Huyu bibi hakuwa na jeshi, wala mashamba, wala mrithi. Alikuwa na desturi moja ya udongo yenye midomo mitatu, na mtu alikuwa amesimama mbele yake akimwomba kwa desturi hiyo hiyo.

"Daktari Emil Rukavec alikunywa," alisema hatimaye, taratibu. "Jina lake liko kitabuni. Mwiteni aje, nitasimama mbele yake hata kama ni kwa sikio. Zvonko hakunywa mezani kwangu. Zvonko alikunywa jikoni. Basi aulizwe mwenye jiko."

Ukungu ukasogea. Watu wote uani, na farasi pia, wakamtazama Jalža. Akanyoosha mikono mbele, Sajini akamfungua pingu bila kuambiwa. Akajifunika vizuri ile shali, akamtazama Zvonko kwa muda, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Mimi nilimpa bure," alisema, "na sidai kitu. Ila Gašpar ameshanunua tiketi ya kwenda tu, na katika nyumba hii hatutupi chakula wala tiketi."